Upatanisho wa Kisarufi

Siku ya kwanza, Chiromo, ghorofa ya pili,
Profesa Nyanchama hakutuuliza majina.
Aliandika ubaoni sentensi mbili:
Kirusi amekufa.
Kirusi kimekufa.
Akajifuta chaki kwenye koti. "Chagueni."

Tulicheka, tukidhani tumepotea njia,
tumeangukia darasa la Kiswahili.
Kiprotich akasema, kipofu amekufa, kifaru amekufa,
basi na huyu amekufa.
Mimi nikasema hakili, hakipumui,
kitu kama kiti: huvunjika, hakifi.
"Lakini kikibisha mlango wa seli," akasema,
"kinaingia hadi jikoni, na mwenye nyumba
anakipikia watoto wake."
Kengele ikalia. Hakutusahihisha.

Mamake, kule Nyamira, aliwatangazia majirani
kwamba binti amebobea katika Kirusi.
Wakauliza, basi Moscow anakwenda lini?
Alikwenda Garissa.
Mvua ilikuwa imevimbisha mto,
mbuzi wa zizi zima wameharibu mimba,
naye akarudi na damu ndani ya boksi la barafu,
kalipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa la tano,
nyuma ya watu wanne
ambao hawajawahi kumshika mbuzi.
Aliisoma mara moja. Akaenda kuosha chupa.

Miaka mingine haina habari.
Barua za ufadhili zilianza na "tunasikitika",
kitendanishi kikakwama forodhani hadi kikaharibika,
wahadhiri wakagoma, lango likafungwa,
lakini friza haigomi:
bawabu alimpitisha upande wa mtoni
kila alfajiri, akapime baridi, akarudi nje
kuimba na wenzake.

Kuna usiku stima ilipotea,
jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Tulibeba barafu kavu kwa glavu za kuokea mikate
huku yeye sakafuni, tochi mdomoni,
akisoma kipimo kinavyopanda kutoka themanini chini ya sufuri,
sabini na nne,
sabini,
sitini na saba.
Stima iliporudi aliuegemea mlango wa friza.
"Wamo wote?" akanong'ona.
Hakusema vimo.
Sikumwambia kwamba nimesikia.

Alistaafu Oktoba. Keki ilikuwa ndogo, hotuba ndefu.
Alinipa ufunguo uliofungwa kwa plasta
na daftari la vichupa, mwandiko wa mshazari:
mbuzi jike, mweusi, sikio limechanika,
mwenyewe anaitwa Dekow, amekataa soda.
Nani huandika hivyo katika daftari la sayansi?

Jana nilisimama ubaoni pale pale.
Sentensi mbili. Chaki. "Chagueni."
Wakacheka, kama ilivyo desturi.
Kisha msichana wa nyuma, Nasieku,
aliyekuwa bado hajavua begi mgongoni, akauliza:
"Kwani nani amethibitisha kwamba amekufa?"

Nikamwambia aje Alhamisi.
Avae sweta.