Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Daktari Nasimiyu alikileta ndani ya mfuko wa unga,
kimeviringishwa leso, kisha nailoni,
maana mvua ya Kakamega ikifika saa tisa haibishi hodi.
Kitabu cha falsafa, kimetoka ng'ambo mwaka huu huu,
jalada la kijivu, jina refu kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi.
"Bei yake," aliniambia, "ni karo ya muhula mzima.
Nitolee nakala thelathini. Mgongo wake usiuvunje."

Mimi ni Kageha wa fotokopi, Lurambi, mkabala na lango la chuo.
Sheria ya haki za waandishi nimeibandika ukutani.
Ni nakala. Niliitoa mwenyewe.

Falsafa naisoma hivi: sentensi moja, mbili,
kabla sijaulaza ukurasa kifudifudi kwenye kioo.
Taa inapita, hoja inatoka upande wa pili ina joto la mkate.
Hicho cha kijivu kilikuwa kinauliza
kitu kikibadilishwa kipande baada ya kipande
ni siku gani hasa kinakoma kuwa kile kile.
Nikaiangalia mashine yangu, nikacheka.
Kioo chake kimetoka Kisumu, rola ni za Eldoret,
pipa la wino ni la mwenzake aliyefia Mumias,
na bado fundi akija huuliza, "Shangazi anaendeleaje?"
Mwandishi angeniuliza mimi, kitabu kingekuwa chembamba.

Tulipomaliza mia mbili na kumi na moja nikafunua,
radi ikapiga, stima ikaenda zake.
Nilikaa gizani saa nzima, kidole ndani ya kitabu.
Iliporudi, kidole kilikuwa kimesahau.

Hivyo ndivyo nakala thelathini zilivyotoka bila ukurasa mmoja.
Wa mia mbili na kumi na moja unaishia: *Basi tukubaliane kwamba*
na wa mia mbili na kumi na tatu unaanza: *jambo ambalo hata mtoto analijua.*

Wakakubaliana? Thubutu!
Benchi langu la nje likawa darasa.
Nelima alisema pale katikati pana jiwe linalolia, la Ilesi:
chozi la leo silo la jana, kilio ni kimoja.
Otuoma akasema la, mwandishi haijui Ilesi,
huyo anazungumzia jina; kitu kinabaki kwa sababu kuna anayekiita.
Na Lubanga, ambaye namdai mia tatu,
akaapa kuwa ukurasa huo unathibitisha, hatua kwa hatua,
kwamba aliyekopa Januari siye ninayekutana naye Machi.

Nilinyamaza. Niliendelea kubana karatasi.
Kunyamaza nako ni hoja, ila haina tanbihi.

Aprili daktari akarudi na furushi la mitihani.
"Kageha, watu thelathini wamenukuu ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
na hakuna wawili walionukuu kitu kimoja."
Nikakiri. Nikataja radi, giza, kidole.
Alikaa kwenye benchi lile lile, akakifungua kitabu chenyewe,
akasoma kimya, midomo ikichezacheza,
akarudi juu, akasoma tena.
"Huu wa kwake," akasema, "unapita tu.
Wa Nelima ningeufundisha."

Akaomba nakala moja ya ukurasa huo, ya faili.
Nikatoa mbili.
Sikuusoma; niliulaza kifudifudi, macho nikiyapeleka kwenye mvua.
Ya pili iko hapa, imekunjwa chini ya kopo la sarafu.

Jana Lubanga alikuja kuniuliza bei yake.
Nikamwambia ni shilingi tano,
ila kwanza alipe zile mia tatu
za yule jamaa wa Januari.