Dirisha la Magharibi

Fundi Ogwang' amepima mara tatu,
penseli sikioni, tepu ikijirudia kwa kishindo.
Vibao vya mbao, asema, vitalikatakata jua la Migosi
nyembamba nyembamba, kama sukuma.
Au kitambaa kizito,
jirani asihesabu sahani zenu.

Nilishachagua kijivu. Nilishalipa arubuni.

Ndipo mama mkwe, Nyar Yimbo,
mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili,
akauliza kutoka kitini:
"Mkilifunga lote, saa kumi nitaijuaje?"

Jua hulisikia kwa magoti. Likifika hapo
huitisha chai.

Ogwang' akachomoa penseli, akafuta,
akapiga mstari mpya,
juu kidogo ya kiti.

Sasa pazia letu ni fupi. Wageni hudhani
tuliishiwa pesa.