Laini ya Kambini

Masaka ilikuwa fundo.
Barabara ya Kampala, ya Mbarara, ya Bukakata ziwani,
zote zilikutana hapa, na kila mwenye bunduki
alitaka kulishika fundo hilo kwa meno.

Mimi nilikaa kwenye nyaya.
Posta, kiti chenye mguu mmoja mfupi,
mashimo sitini ya shaba mbele yangu.
Kuchomeka na kuchomoa: kazi yangu.

Kiswahili nilijifunza kwa sikio, ndani ya waya.
Nyumbani mama hakukitaka.
"Hiyo ni lugha ya vizuizi," alisema,
"ya toa kitambulisho, ya lala chini."
Alikuwa na sababu. Mjomba Ssebbowa,
neno la mwisho aliloambiwa duniani lilikuwa la Kiswahili,
na hakulielewa.

Wiki ya kwanza waasi walipoizingira kambi
simu zilikuwa za wakubwa: leteni risasi, leteni unga.
Wiki ya tatu Katonga ikafungwa,
Kampala ikawa mvumo wa nyuki sikioni.
Wiki ya sita wakubwa walinyamaza.

Saa nane usiku taa ndogo ya kambini iliwaka.
"Dada wa posta, ni Sajini Okwonga.
Niunganishe Kitgum."
"Laini imekatika, afande."
"Najua. Niunganishe tu."

Nikachomeka waya kwenye shimo lisilo na mji.
Akaongea na ule mvumo:
habari za ng'ombe wa mahari, za bati lililong'oka jikoni,
kwamba wanachemsha majani ya muhogo bila chumvi,
kwamba kuna mtoto wa miaka kumi na saba
ambaye wamemzika nyuma ya stoo ya viatu.
Kisha akanyamaza, kama mtu anayepewa jibu.
"Haya," akasema. "Haya, mama."

Sikuchomoa.
Usiku kumi na moja, sikuchomoa.

Asubuhi mizinga ilipoanza upande wa Nyendo
vioo vyetu vilishuka kama sukari.
Waasi wakapanda ngazi, vijana, matope mpaka magotini,
mmoja amefunga bunduki kwa kamba ya mbuzi.
Nikangoja Luganda. Nikangoja lugha ya nyumbani.
Kamanda wao akafuta jasho,
akasema, kwa Kiswahili kilekile,
"Kata laini ya kambini."

Taa ilikuwa ingali inawaka.

Mkono ulijua njia kuliko mimi.
Waya ukarudi kitunduni kwa uzito wake,
tak.

Kufikia jioni kambi ilikuwa moshi na viatu.
Wako wasemao mji ulianguka, wako wasemao ulikombolewa;
ndizi sokoni zilipanda bei kwa wote.

Mama alikuwa mlangoni, ameshika taa ya mafuta.
Akaniuliza, askari wale, walikuwa wanasema nini?

Sijui, mama, nikamwambia.
Sikuelewa.