Mistari Kumi na Minne

Barua ilikuja na muhuri wa shule,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa sare.
"Nisomee," nikakuambia, mikono ikipanga nyanya,
tano tano, ile yenye doa nikiigeuza uso.

Ukasoma kama mtu anayevuka Enyau juu ya gogo:
rimu mbili za karatasi.
Ufagio wa ndani. Ufagio wa nje.
Jembe lenye mpini. Ndoo yenye mfuniko.
Roli sita za tishu
(nikacheka: huko shuleni mnalishwa nini?)
na sabuni, na sahani, na vinginevyo,
ukafika mwisho, ukaikunja upesi
kama anayemfunika mtoto asiamke.

Ayikoru,
mimi shule niliiona kwa dirishani
siku nilizopeleka kuni za walimu.
Herufi kwangu ni sisimizi waliofia kwenye foleni.
Lakini kuhesabu!
Miaka kumi na saba nauza kwa mafungu soko la Arua,
hajazaliwa wa kunipunja nyanya moja.
Karatasi ilikuwa na mistari kumi na minne.
Ulisoma kumi na mmoja.

Ulipolala nikaitoa mkobani,
nikaenda kwa Onzima fundi viatu, taa yake bado inawaka.
Akasoma mitatu uliyoimeza:
godoro.
Sanduku la bati.
Ada ya mtihani, ilipwe kabla ya kufungua shule.

Sikulala.
Nilimfikiria mwana wa Adiru, ana digrii,
picha ya joho imetundikwa juu ya redio,
naye yuko stendi anagombania abiria wa bodaboda.
Nikafikiria baba yako, atakavyosema: mahari haidai ada.
Hayo nimeyazoea.
Lililonitisha ni jingine:
kwamba shule imekufundisha kunihurumia
kabla haijakufundisha la kutuokoa.
Umri wako, mwanangu, ni wa kuomba tu.

Shamba la muhogo nimeliweka rehani, misimu miwili.
Usiulize kwa nani.
Godoro lile pale, limeegemea ukuta,
bado lina nailoni yake, linanuka duka.

Sasa kaa hapa.
Itoe ile karatasi.
Nisomee tena, polepole, kuanzia juu,
na mara hii
kidole changu kitapita chini ya kila mstari.