Kinga Mbili

Kidole changu cha mwisho, cha mkono wa kulia, hakikunjiki.
Kilikunjwa mara moja, upande ambao vidole havikunjwi,
na kioo cha pembeni cha Noa nyeupe,
Barabara ya Mandela, hatua chache kutoka mataa ya Tazara,
Jumanne, nikiwa na abiria na mkungu wake wa ndizi.
Noa haikusimama.
Ndizi zilisimama kidogo hewani,
halafu nazo zikaenda zao.

Kwa hiyo nimekuja Vingunguti, kwa fundi Chaurembo,
na mfuko mweusi kutoka Gerezani:
kinga mbili za mikono, plastiki juu, chuma ndani,
bolti nne, washa tatu.
Washa ya nne niliuziwa kwa maneno.
"Umetoa ngapi?"
Nikamtajia. Akacheka mpaka spana ikamtoka.

Hakuanza kufunga. Alianza kufuta.
Akalowesha tambara petroli, akausugua usukani,
jasho langu la miaka mitatu likatoka jeusi kama wanja.
"Ukifunga juu ya uchafu huu,
kesho kinga itacheza mdundiko."
Akakata kipande cha tyubu kuukuu, akalivisha bomba,
taratibu, kama nesi yule wa Amana
aliyenifunga bandeji bila kuniangalia usoni.
Kisha bolti, kwa vidole tu, nusunusu, zote nne,
asikaze hata moja kabla ya wenzake kuingia.

"Kata kushoto. Mpaka mwisho."
Waya wa klachi ukabinyika.
Akaisogeza kinga upana wa ukucha.
"Tena." Ukapita.
"Bana breki." Nikabana, haikugusa kitu.
"Vuta mafuta, achia."
Mpini ukarudi wenyewe, tak,
kama mlango wa jirani mliyekorofishana.
"Usingerudi, ningekufungulia sasa hivi
ukavae soksi mikononi."

Unamkumbuka Mwinjuma, akaniuliza, wa kijiwe cha Relini?
Alijifungia mwenyewe, usiku, kwa tochi ya simu
na waya wa kufungia nondo.
Kinga ikateremka katikati ya mwendo, ikalalia breki ya mbele.
Pikipiki ilisimama palepale.
Mwinjuma akaendelea.

"Yu hai?"
"Yu hai. Anauza vocha."

Akapekua kopo la maziwa ya unga,
akatoa washa moja ya rangi ya chai ya rangi.
"Hii ilikuwa kwenye vespa ya karani wa bandari.
Karani kafa, vespa imekwisha, washa hii hapa."
Akakaza. Spana ilipoguna akaongeza robo, akaacha.
Nikataka aongeze.
"Ndivyo bolti zinavyokatika," alisema, "kwa kutaka aongeze."

Bibi yangu wa Kisarawe alikuwa akisema
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Yeye alikuwa na vijinga vyake, na mafiga.
Hizi zangu zikikutana,
ujue usukani umekatika katikati.

Asubuhi iliyofuata ilinyesha.
Maji yalipiga plastiki yakamwagika pembeni,
na mikono yangu, kwa mara ya kwanza masika hii,
ilifika Buguruni ikiwa mikavu kama ya mhasibu.
Kile kidole kisichokunjika kilikuwa kinagusa kinga kwa ndani,
kila shimo la barabara, ko, ko,
kinabisha hodi.
Penye foleni, kioo cha kirikuu kikabisha kutoka nje.
Hatukuitikia.

"Rudi Jumamosi," alikuwa ameniambia, "lazima italegea moja."
Nilirudi. Ilikuwa imelegea moja,
yenye washa mpya kutoka dukani.
Ile ya karani haikuwa imesogea hata unywele.
Chaurembo akakaza robo,
akafuta mikono,
akakataa hela, akaomba lifti ya kwenda kununua mihogo.