Cheti Chake, Bega Langu

Bunduki ya Chepkwony, wanasema.
Hata karani wa chifu ameandika hivyo:
mali ya marehemu, mtutu mmoja,
kitako kimefungwa waya.
Waya niliufunga mimi, mwaka wa nyani wengi.

Tulikwenda wote Nakuru kuinunua,
mtaa wa nyuma ya soko, duka lenye kengele mlangoni.
Muuzaji alimpa mume wangu hii, akampa ile.
Mimi akanipa kiti.
Jicho la Chepkwony lilikwisha kuota mtoto wa jicho,
siri tuliyoijua sisi wawili na ng'ombe.
Basi akageuka, kama anayefanya mzaha:
"Hebu mama ajaribu, tuone urefu."
Ya kwanza ilielemea mbele, ndoo iliyojaa upande mmoja.
Ya pili ilinuka mafuta ya cherehani,
ikakaa.
"Hiyo," nikasema.
Risiti akaandikiwa yeye.

Miaka kumi na minne
cheti kilikuwa chake, bega lilikuwa langu.
Alfajiri, mahindi yakitia maziwa,
nyani waliteremka majabali ya Solai
kwa mwendo wa wenye shamba.
Yeye alisimama mbele na koti refu, akikohoa.
Mimi nyuma ya ghala, nafyatua hewani.
Kijiji kizima: Chepkwony ana shabaha!
Sikukanusha. Ugali hauulizi nani alilinda.
Kanisani, mtandio uliponiteleza,
nilisema alama ile ni ya kamba ya kuni.

Sasa amezikwa. Matanga yamekwisha,
na shemeji Kibor hajauliza deni la hospitali
wala karo ya kitinda mimba.
Ameuliza bunduki iko wapi.
"Mwanamke hakai na kitu hicho peke yake."

Peke yake!
Usiku ule wa vurugu, tochi zikipita barabarani,
Chepkwony yuko wodini,
watoto watano chini ya kitanda,
nani alikaa mlangoni
na risasi mbili, moja ina kutu?
Sikufyatua.
Hilo nalo bega linalikumbuka,
uzito wa kutofyatua hadi jogoo awike.

Jumatatu nikaifunga kwa leso,
nikapanda lori la maziwa, nikaipakata.
Dereva akachungulia. "Mjukuu?"
"Mjukuu. Amelala."

Dirisha la ghala la silaha lina nondo.
Nyuma yake Koplo Nasipwondi,
kalamu sikioni, mimba ya miezi saba au minane.
Akaikunjua, akachungulia mtutu kuelekea mwanga.
"Imetunzwa. Mzee alikuwa mwangalifu."
Nilinyamaza.
Akaiweka begani mwake, akaishusha.
Akapapasa pale kitako kilipong'aa kwa kusuguliwa,
akanitazama kimo.
Akanitazama tena.
"Imezoea mtu mfupi," akasema polepole.
"Imezoea," nikasema.

Hakuliandika hilo. Fomu haina mstari wake.
Akauliza tu: "Unasalimisha, au unaomba cheti?"

Nilidhani nimekuja kuitua.
Nimechoka, mwenzangu, nyonga zinaniuma,
na nyani wa siku hizi hawaogopi hata radi.
Lakini nilimwona Kibor akiitundika sebuleni kwake,
akiwasimulia wageni shabaha ya ndugu yake.

"Kuomba ni pesa ngapi?"
Akataja. Ni bei ya mbuzi, mbuzi jike.
"Itabaki hapa mpaka wakujibu.
Huenda wakakataa."
"Wakatae kwa maandishi," nikasema.
Akacheka, mkono tumboni.
"Jina?"
Jerusa. Tabarno. Chepkwony.
Nilitaja moja moja, kama anayehesabu risasi,
naye akayaandika kwenye mstari wa mwenye silaha.

Jioni dereva wa maziwa akanikuta stendi,
leso imekunjwa magotini, haina kitu.
"Mjukuu yuko wapi, mama?"

"Nimemwacha mjini," nikasema.
"Anaandikishwa jina."