Usafi Tu

Kiraka cha saba kati ya kumi na tisa.
Oulu, Januari, saa tisa alasiri, na giza limeshashika zamu.
Chini ya dirisha baiskeli zinapita kwenye theluji
zikikwaruza kama kalamu iliyokauka.
Eelis Kemppainen, mwanafunzi wa Kajaani, sijawahi kumwona,
ameandika kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha:
"Usafi tu. Hakuna kinachobadilika."

Miaka ishirini nasoma viraka vya kiini cha mfumo,
na sentensi hiyo ndiyo hunifanya nivue miwani,
niifute, niivae tena.

Haya. Kiendeshi kinaamka.
Kinaazima kumbukumbu: kinapewa.
Kinafunga kufuli: linafungika.
Kinakiita kifaa,
na kifaa, bila haya, kinakataa.

Hapo ndipo tabia hujulikana.
Kuingia, nani asiyejua kuingia?
Kurudi ndiko kwenye adabu:
ulichoshika mwisho ukiachie kwanza,
fungua kufuli, kisha rudisha kumbukumbu,
dawa ya deni ni kulipa,
kisha mwambie aliyekutuma: nimeshindwa, sababu hii hapa.
Usirudi na sifuri mdomoni.
Sifuri, kwetu watu wa kiini, ni salama salimini,
nami nimeviona viendeshi vikirudi na sifuri
huku moshi ukiwafuata mgongoni.

Eelis amezing'oa lebo zote,
zile ngazi za dharura tulizozoea kurukia gizani.
Mahali pake kila cha kuazimwa amekifunga uzi:
ukitoka, kwa mlango wowote, uzi unavutika wenyewe
na mali inarudi kwa mwenyewe.
Napenda.
Naogopa pia. Uzi hauna akili.
Ukifanikiwa na usiukate,
utamnyang'anya mwenzio ulichokwisha kumkabidhi.

Kwa hiyo nahesabu, kidole juu ya kioo,
njia kwa njia, zile zisizopitwa na mtu
kwa kuwa siku zote kumbukumbu ipo, kifaa kinaitika,
na jua, tunadhani, litachomoza.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Nasimama.
Msimbo wa zamani, kifaa kikikataa,
uliruka ngazi moja zaidi.
Ulirudisha kumbukumbu, naam,
lakini kufuli ukaliacha limefungwa,
na kila aliyekuja baadaye alisimama mlangoni
akingoja
akingoja

Nani kaandika hivi?
Nauliza historia, nayo haina upendeleo:
Aulikki Rautio, Machi, miaka kumi na moja iliyopita,
saa saba na dakika arobaini usiku.
Mimi.

Nakumbuka usiku ule. Venla alikuwa analia sikio,
nilimpakata kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine.
Mtu akaupitia msimbo wangu, akasema ni mzuri.
Na mahali fulani, labda karakana ya Rovaniemi,
mashine ikaganda; fundi akachomoa waya,
akahesabu hadi kumi, akachomeka, akatukana kidogo,
akaendelea na kazi. Mara ngapi? Sijui.
Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo linalouma.

Namwandikia Eelis:
"Si usafi tu. Umerekebisha kosa bila kujua.
Liseme waziwazi, na ukitaje kiraka kilicholileta."

Dakika nne. Jibu:
"Lakini kile ni chako."

"Ndiyo. Kitaje."

Halafu, kwa kuwa haki haina likizo,
naongeza: "Kiraka cha kumi na mbili, njia ya mafanikio,
umesahau kukata uzi."

Kimya.
Namwona, nisiyemjua, akivua miwani yake,
kama anayo.

Chai imepoa. Naweka jina langu chini ya cha saba:
nimekisoma.
Safari hii nimekisoma hadi kwenye milango ya nyuma.
Cha nane. "Usafi tu," anasema.